Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Insha juu ya Kitabu, Senema na Uzima wa Moyo

Asemaye kwamba kitabu ni dawa asema neno kubwa, na neno kubwa hutaka ushahidi mkubwa. Dawa ya mwili ina mizani yake na kipimo chake. Atumiaye huambiwa vijiko vingapi, asubuhi na jioni. Dawa ya moyo haina kijiko. Mtu aweza kusoma kitabu usiku kucha akaamka na moyo mwepesi, na mwingine akakisoma kitabu hicho hicho akaamka na chuki ambayo jana hakuwa nayo. Je, tutajuaje kilichoponya na kilichodhuru?

Katika insha hii nataka kuhakiki kitabu kimoja na picha moja ya senema, kisha nitaje kwa ufupi tiba za roho ambazo watu wengi wa pwani huzikimbilia moyo unapowalemea. Vitu hivi vitatu nitaviuliza swali moja tu: Je, champonya mtu peke yake, ama champonya pamoja na jirani yake? Kwa maana naamini kwamba utulivu wa moyo unaopatikana kwa kumdharau mwenzio si afya. Ni ulevi, na kila mlevi hujiona mzima mpaka kupambazuke.

Mahali pa kuliulizia swali hili ni Kisauni. Mtu akitoka kisiwani Mombasa, akavuka daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la kuelea la mwaka 1931, haendi mbali kabla hajafika Kengeleni. Hapo umesimama mnara wa kengele, nao ndio uliopapa mahali hapo jina lake. Kengele hiyo ni ya Frere Town, mji ulioanzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa Kiingereza wa chama cha C.M.S. ili kuwahifadhi watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wazee husimulia kuwa kengele ililia kuwatahadharisha wakazi adui alipokaribia. Leo adui huyo hayupo, na karibu na mnara huo adhana husikika mara tano kwa siku. Waliozaliwa hapa hawaoni ajabu. Sauti mbili hizi wamezinyonya pamoja na maziwa ya mama. Lakini kitu kilichozoeleka si lazima kiwe kimefahamika.

Wengi hulitaja jambo hili kwa neno uvumilivu. Husema, tuvumiliane katika dini. Mimi silichukii neno hilo, lakini naliona fupi. Mtu huvumilia njaa, huvumilia jino linalouma, huvumilia deni. Je, jirani naye ni jino bovu hata tumvumilie? Avumiliaye hungoja siku ya kuacha kuvumilia. Lugha yetu ina methali iliyo bora kuliko neno hilo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii haisemi kwamba mwenyeji amvumilie mgeni. Yasema kwamba mwenyeji ndiye mgonjwa, na kuja kwa mgeni ndiko kupona kwake.

Wala hili si ndoto. Mwaka 1844 mmishonari Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa. Mwaka huo huo alifiwa na mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, akawazika upande huu wa bara, ng'ambo ya mji. Na katika mwaka huo wa msiba alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa Kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohiddin. Tazama jambo hili kwa makini: mfiwa Mkristo na Kadhi Mwislamu wameketi pamoja, wakitafuta neno la Kiswahili lifaalo kusimulia kuumbwa kwa ulimwengu. Miaka 40 hivi baadaye mmishonari mwingine, W. E. Taylor, alishirikiana na mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, kuyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa mji huo aliyefariki karibu na mwaka 1840. Kazi ile ndiyo iliyowezesha Diwani ya Muyaka kupigwa chapa mwaka 1940. Hakuna katika watu hawa aliyeiacha dini yake. Krapf na Taylor walitaka kuwaongoa Waislamu, nao hawakulificha jambo hilo. Kadhi na Mwalimu walilijua, na wakabaki walivyo. Lakini meza moja, na kalamu moja, na lugha moja viliwatosha kuheshimiana. Urithi tulioupata kwao hauna dini moja.

Sasa tukiangalie kitabu chetu. Mwaka 1934 James Mbotela, mtu wa Frere Town na mzawa wa waliookolewa, alitoa Uhuru wa Watumwa. Kitabu ni kidogo, lakini historia yake ni kubwa. Chatokana na masimulizi ya wazee: jinsi watu walivyotekwa makwao bara, wakafungwa, wakapelekwa pwani, wakapakiwa majahazini, jinsi manowari ya Kiingereza ilivyowakamata waliowabeba, na jinsi waliookolewa walivyofikishwa Frere Town wakaanza maisha mapya. Twapaswa kukumbuka wakati wake. Utumwa ulikoma kutambuliwa na sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Kitabu kilipotoka miaka 27 ilikuwa imepita, na katika mitaa ya Mombasa waliishi bado watu waliowahi kuuzwa, na wengine waliowahi kununua. Walikutana sokoni. Walisalimiana.

Uzuri wa kwanza wa kitabu hiki ni kwamba kimempa mtumwa roho. Kabla yake, mtumwa wa pwani yetu aliandikwa zaidi na wageni, na aghalabu aliandikwa kwa hesabu: vichwa kadhaa, majahazi kadhaa, thamani kadhaa. Mbotela amemwandika kama mtu aliyekuwa na nyumba, na mama, na jina, kabla hajawa na bei. Uzuri wa pili ni uponyaji. Fedheha ya utumwa ilikuwa jeraha lililofichwa. Watu walikana asili yao, wakajitafutia nasaba nyingine, kwa sababu neno mtumwa lilikuwa tusi. Mtoto wa Frere Town aliyeisoma habari hii katika kitabu kilichopigwa chapa aliambiwa kwamba aibu si ya aliyetekwa, ni ya aliyeteka. Jeraha lililotajwa huanza kukauka, lililofichwa huoza. Kwa hili peke yake Mbotela astahili shukrani yetu.

Lakini mhakiki hakuajiriwa kusifu tu. Kosa la kitabu hiki ni rangi zake. Mwarabu amepakwa rangi moja, na Mwingereza rangi moja, na rangi hizo ni usiku na mchana. Amponyaye mtumwa ni Mwingereza, na wema wa Mwingereza hauna doa. Wahakiki wengi wamekwisha kuliona hili, wakasema kwamba kitabu kimeandikwa kwa macho ya mtawala. Mimi naongeza neno. Rangi hizi si uongo tu juu ya Mwarabu na Mwingereza; ni hasara kwa msomaji mwenyewe. Kwani historia ina mambo ambayo rangi mbili haziwezi kuyabeba. Wanunuzi wa watumwa wa Afrika ya Mashariki hawakuwa Waarabu peke yao. Meli za Wafaransa ziliwachukua hata Mauritius na Réunion, na za Wareno hata Brazil. Watekaji bara mara nyingi walikuwa Waafrika wenziwe waliotekwa. Na ndani ya Frere Town kwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1880, viboko vilitumika hata malalamiko yakazuka na uchunguzi ukafanywa. Basi hifadhi nayo ilikuwa na fimbo.

Je, nasema haya ili kumtetea mfanya biashara ya watu? La, hasha! Dhuluma ni dhuluma, na ile ilikuwa kubwa. Nasema haya kwa sababu ya mwanafunzi wa leo. Akikisoma kitabu hiki bila kufunzwa, Mkristo wa Kisauni aweza kutoka nacho akiamini kwamba ukatili ni tabia ya dini ya jirani yake. Na Mwislamu wa Kisauni aweza kukitupa akiamini kwamba maumivu yaliyomo ni matusi aliyotungiwa. Wa kwanza atakuwa amepona kwa kudharau. Wa pili atakuwa amekwepa dawa kwa sababu ya uchungu wake. Wote wawili watabaki wagonjwa.

Dawa ya kitabu ni kitabu kingine. Katika miaka ile ile, ng'ambo ya maji, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akiandika naye. Alizaliwa mwaka 1891, akatoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki mwaka 1947. Baadhi ya makala yake yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Sheikh huyu hakuwabembeleza wasomaji wake. Aliwakemea Waislamu wenziwe kwa uvivu, kwa kupuuza elimu, kwa bidaa na ushirikina, na kwa kuiga mambo ya kigeni bila ya kupima. Mbotela aliitazama jamii ya Sheikh kwa nje, akaona kosa. Sheikh aliitazama jamii hiyo kwa ndani, akaona makosa mengine, akayaandika wazi wazi. Hakuna ninachokitamani zaidi katika shule zetu kuliko kuona vitabu hivi viwili vikisomwa juu ya dawati moja. Asomaye Mbotela peke yake hujifunza kumlaumu jirani. Asomaye Sheikh pamoja naye hugundua kwamba jirani ana dhamiri inayojilaumu. Na mtu mwenye dhamiri si giza.

Niwaombe wasomaji tutoke sasa kitabuni twende katika senema, na kutoka Kisauni twende Mandera, mpakani mwa Kenya na Somalia. Safari ni ndefu, lakini hofu iliyokuwa huko ilifika hata kwetu. Mwaka 2014 risasi zilipigwa kanisani Likoni wakati wa ibada, na watu wakafa. Mwaka huo huo polisi walivamia misikiti ya Mombasa, na miongoni mwa iliyofungwa kwa muda ilikuwamo ya Kisauni. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa. Siku zile watu waliosalimiana miaka mingi walianza kutazamana mikononi na mifukoni.

Basi Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wa Al-Shabaab, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio ya kujifunikia. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Kisa hiki ndicho kilichofanywa picha iitwayo Watu Wote, ya mwaka 2017. Mwongozaji wake ni Mjerumani, Katja Benrath, aliyeitengeneza pamoja na wanafunzi wenziwe wa Hamburg kwa wachezaji wa Kenya. Picha ni ya dakika 22, na mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa picha fupi 5 zilizoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar.

Uzuri wa picha hii umo katika moyo wa mwanamke mmoja. Jua ni Mkristo, naye apanda basi akiwa na jeraha la zamani na chuki ya kimya. Hawapendi wenziwe wa safari. Awaogopa, na hofu yake ina sababu. Mtengenezaji dhaifu angalimfanya Jua awe mwema tangu mwanzo, ili tumhurumie. Huyu hakufanya hivyo. Ametuonyesha kwamba anayeokolewa hakustahili kwa wema wake, na kwamba waokoao hawakumuuliza kwanza ana maoni gani juu yao. Basi lile ni nyumba ndogo ya nchi nzima: viti vimekaribiana, njia ni moja, na mwizi wa amani yuko nje akiomba mlango ufunguliwe. Mlango aliotaka si wa basi tu. Alitaka ule wa moyoni, uliokuwa umekwisha kuachwa wazi kidogo na kila chuki ndogo ya abiria.

Hata hivyo picha hii nayo ina hatari yake, na hatari hiyo haiko katika picha bali katika mtazamaji. Baada ya kulia, mtazamaji Mkristo aweza kusema, Laiti Waislamu wote wangalikuwa kama mwalimu yule! Neno hili lasikika kama sifa, kumbe ni kodi. Lamtaka jirani alipe damu ndipo aaminiwe. Jirani hapaswi kufa ndipo aonekane mwema. Wema wa mwalimu Salah ulikuwako kabla ya risasi: ulikuwako siku alipofundisha, na siku alipokata tiketi ya basi. Senema hupenda saa ya hatari kwa sababu saa hiyo huonekana vizuri; lakini utu hukaa zaidi katika siku zisizopigwa picha. Atakayetoka katika senema hii na machozi tu ametazama nusu yake. Nusu ya pili iko katika jirani atakayemsalimu akirudi nyumbani.

Nimesema kwamba nitataja pia tiba za roho. Kisauni ina tiba nyingi. Yuko aandikiwaye kombe, yaani aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, akanywa. Yuko achezewaye ngoma ya pepo. Yuko awekewaye mikono na mchungaji akaombewa kwa sauti kuu. Yuko aendaye kwa mganga wa Kimijikenda. Na siku hizi yamekuja mafundisho ya mbali, kama Reiki ya Kijapani iliyoanzishwa na Mikao Usui mwaka 1922, ambamo mponyaji huweka mikono yake juu ya mgonjwa na kusema kwamba anaipitisha nguvu ya uhai. Jambo moja la kushangaza ni kwamba Mwislamu huonekana katika maombi ya Mkristo, na Mkristo katika baraza ya mwandika kombe, wala hawaambiani. Mchana hubishana juu ya milango ya mbinguni. Usiku hupishana katika milango ya waganga.

Msomaji kijana ataniuliza, Je, yafaa? Jawabu langu lina sehemu mbili. Nguvu hiyo isemwayo kupita katika mikono haijaonekana katika chombo chochote cha sayansi, wala sahani ya zafarani haiuwi malaria. Mwenye kisukari, kifafa, au huzuni inayomfanya atamani kufa, na aende hospitali. Na amzuiaye kwenda huko kwa jina la dini au la nguvu, huyo si mponyaji, ni mwivi wa uhai. Hiyo ni sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ni hii: aliyeketishwa kwa utulivu, akasikilizwa, akaguswa kwa upole, akaambiwa kwamba hayuko peke yake, huinuka ametulia, na kutulia huko ni kweli. Wala asiyeamini tiba ile hana ruhusa ya kumcheka mwenye maumivu. Faraja hiyo si haba, lakini isiitwe jina lisilo lake.

Juu ya hayo, swali letu la kwanza halijaisha kazi. Mgonjwa akiambiwa na mponyaji wake, Umerogwa na jirani yako, moyo wake hutulia kwa kuwa amepata wa kumlaumu. Lakini jirani asiye na hatia amekwisha kuwa adui. Hapa pwani wazee wengi, mara nyingi kwa ajili ya mvi tu, wameuawa kwa shutuma za uchawi. Hiyo ndiyo dawa iponyayo mmoja kwa kuua mwingine. Ni ugonjwa ule ule tuliouona katika kitabu kisomwapo vibaya na katika senema itazamwapo vibaya: kutafuta amani ya ndani kwa kumtia giza aliye nje.

Yamebaki maneno machache, nayo ni juu ya neno moja. Zamani katika pwani yetu mngwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Ungwana ulikuwa katika damu. Hakuna aliyeweza kuusomea wala kuununua. Basi mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, wa ukoo huo huo wa Mbotela, alianzisha katika redio kipindi alichokiita Je, Huu ni Ungwana? Kwa miaka zaidi ya 50, mpaka karibu na kufariki kwake Februari 2025, aliwauliza watu wa dini zote na makabila yote juu ya mwenendo wao: wapandavyo basi, walavyo mezani, waingiavyo katika nyumba za watu. Watu walicheka, wakajirekebisha. Sijui kama wengi walitambua kilichokuwa kikitendeka. Mzawa wa watumwa alikuwa akiishikilia mizani ya ungwana, na taifa zima likapimwa. Neno lililokuwa la damu likawa la tabia. Hakumtukana aliyekuwa bwana wala hakulia juu ya minyororo. Aliuliza swali tu, na swali hilo lilimhusu kila mtu, yeye naye akiwamo.

Huo ndio uponyaji ninaoutafuta katika vitabu na katika senema. Kazi bora ya sanaa haimwachi msomaji akisema, Ashukuriwe Mungu, mimi si kama yule. Humwacha akisema, Kumbe yule naye yu kama mimi. Je, mimi nimemtendea ungwana? Kijana wa Kisauni hahitaji kuvuka bahari kulitafuta somo hili. Na asimame jioni moja Kengeleni, chini ya mnara ule, akiwa na kitabu cha jirani yake mkononi. Akitoka hapo na maswali juu ya moyo wake mwenyewe kabla ya kuwa nayo juu ya moyo wa jirani, dawa imeanza kufanya kazi.